Karatasi Niliyompelekea Fundi wa Mitumbwi

Kosa langu la kwanza lilikuwa muhuri. Kulikuwa na mengine siku ileile, lakini bila muhuri yasingemfukuza mtu yeyote nyumbani kwake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikijitolea katika kituo kimoja cha afya Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa kupima damu. Shule yangu ilikatika vita vilipoanza, nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe: Kifaransa kutoka kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo, na mambo ya tiba kutoka vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya boksi za dawa. Sikuwa na diploma, kwa hiyo nilijificha nyuma ya hati yangu ya mkono. Hati yangu ilikuwa nzuri kuliko ya daktari yeyote. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa na kuanza upya. Mkuu wa kituo, tuliyemwita titilere kama wanavyoitwa wakuu wote wa vituo kwetu, alisema nitamaliza karatasi za Burundi nzima kabla vita havijaisha.

Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa hazijatufikia. Tulikuwa na kipimo, vidonge vya baktrim, na maneno. Watu waliniuliza kuna faida gani kujua, ikiwa risasi inaweza kukufikia kabla ya ugonjwa. Titilere mwenyewe aliniuliza. Niliwajibu kwamba anayejua anaweza kujitunza na kumlinda mwenzake, na mwenzake ana haki ya kujua kinachopita katika mwili wake. Nilisema hivyo wakati milio ya bunduki inasikika kutoka vilima vya Gatete. Nilisema hivyo wakati barabara ya Minago imefungwa na hata kipande cha sabuni hakifiki. Wakacheka. Sikufuta neno hata moja, na leo nasema vilevile.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia aliyekutwa na virusi amjulishe mume, mke, au yeyote aliyelala naye. Katika semina ya siku mbili mjini Bujumbura tulifundishwa njia tatu: mtu amwambie mwenzake mwenyewe, au amwambie mbele ya mshauri, au kituo kimwite mwenzake. Niliipenda ya tatu kwa sababu ilihitaji maandishi.

Nikatengeneza karatasi ya wito. Nilipiga mistari kwa rula, nikaandika Kifaransa juu na Kiswahili chini: *Unaombwa kufika bila kukosa Jumanne, saa mbili asubuhi. Fika peke yako. Sababu utaelezwa hapo hapo.* Sababu niliificha ili kutunza siri ya mgonjwa, na nilijisifu kwa hilo. Neno dispansari, kama watu walivyokiita kituo chetu, nalo nililiondoa, siri iwe kamili. Mwisho nikaomba muhuri mezani kwa titilere, ule wa duara wenye wino wa zambarau na jina la komini, kama mihuri yote ya serikali. Mara mbili uliangukia upande. Mara ya tatu ulikaa sawasawa, nikaupuliza ukakauka.

Mtu yeyote aliyeishi ufukweni kwetu miaka ile anajua nilichokuwa nimeandika. Wanaume waliitwa na jeshi kwa karatasi zenye muhuri, bila sababu, waende peke yao, na wengine hawakurudi. Baba yangu mdogo aliitwa hivyo. Karatasi yake niliisoma kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na saba. Siwezi kusema sikujua. Nilikuwa nikiangalia mistari kama imenyooka.

Mgonjwa wangu alikuwa mwanamke muuza mawese, mzaliwa wa mtaa wa Waislamu karibu na soko, mwenye mimba ya miezi mitano. Alikuja kwa ajili ya mimba, akakubali kupimwa. Nilipompa jibu aliomba maji, akanywa yote, akaweka kikombe chini taratibu.

“Mume wangu nitamwambia mwenyewe,” alisema. “Ijumaa, akishakula.”

“Dada, kuna utaratibu.”

“Utaratibu wa nani?”

“Wa kituo. Ukimwambia mwenyewe anaweza kukupiga. Akiitwa na kituo ataheshimu.”

“Mume wangu hajanipiga hata siku moja. Anapiga mbao.” Mumewe alikuwa fundi wa mitumbwi, mwenye asili ya Kivu ya Kusini, mtu wa kuziba nyufa kwa pamba na nyundo ya mti siku nzima. Mwanamke aliniangalia, kisha akavuta kanga yake. “Haya. Weye ndiyo umesoma.”

Sikumwambia kwamba sikusoma.

Karatasi nilimpa nyumbakumi, yule mzee msimamizi wa nyumba kumi za mtaa wao, kwa sababu ndiye aliyepeleka barua zote za serikali. Niliona ni heshima.

Jumanne saa mbili asubuhi nilikuwa nimefagia chumba na kupanga viti viwili vikitazamana. Aliyeingia ni mwanamke, peke yake, karatasi yangu mkononi.

“Mume wangu hayuko,” alisema. “Ameisoma hii mara moja tu. Hakunawa hata mikono. Amesukuma mtumbwi wa mtu majini, mtumbwi ambao hajamaliza kuuziba, unaingiza maji kama kikapu, na ameelekea Kongo. Nyundo yake ameiacha chini, pamba ikiwa bado imeshikana nayo.”

Nilisema jambo la kijinga. Nilisema, “Lakini hapo hakuna neno jeshi.”

“Hakuna neno dispansari pia!” Aliiweka karatasi mezani na kuipiga kwa kiganja. “Angalia. Fika peke yako. Weye kijana, umezaliwa nchi gani?”

Nakumbuka nilinyoosha kona ya karatasi iliyokunjika, na akaniona nikifanya hivyo.

Titilere alipopata habari alifuta jasho na kuchukua muhuri wake. “Funga faili,” aliniambia. “Andika: mwenza hapatikani. Watu wanakimbia kila siku, nani atauliza huyu alikimbia nini?”

“Amenikimbia mimi.”

“Basi shukuru yuko hai. Funga.”

Sikufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia mtu mwenye cheo, lakini daftari nililiacha wazi mahali pale kwenye jina lake. Kuandika *hapatikani* kungekuwa uongo wenye hati nzuri.

Ndani ya wiki mbili jambo likawa baya zaidi, na hapa ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichofanya. Dada wa yule fundi alianza kusema sokoni kwamba wifi yake ndiye aliyemuuza kaka yake kwa wanajeshi. Karatasi ilimfikia vipi? Mbona mke alibaki, tena mtulivu? Miaka ile, mwanamke aliyesemwa amemuuza mtu hakuishia kufukuzwa nyumbani. Ilitosha uvumi huo ufike kwa waasi wa milimani waliokuwa na bunduki.

Nilimkuta mgonjwa wangu nyuma ya shimo la kukamulia mawese, akikoroga pipa. Nilimwambia kwamba kuna njia ya haraka ya kujisafisha: amweleze wifi yake kwamba wito ulikuwa wa kipimo.

Aliacha kukoroga. “Sikiliza vizuri. Sitavua nguo mbele ya ukoo wao ili nifunike kosa lako. Ugonjwa ni wangu. Karatasi ni yako. Kila mtu abebe chake.”

“Nifanye nini?”

“Weye si muntu wa maneno? Njoo Ijumaa baada ya sala, useme. Lakini langu usiliguse.”

Nilikwenda. Niliandika hotuba yangu, nikaisahihisha mara nne, nikaiacha nyumbani makusudi. Uani kwao walikuwepo wifi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, nyumbakumi akiwa amekaa kwenye benchi, na wanawake sita au saba wa jirani waliokuja kana kwamba wana kazi pale.

“Amahoro,” niliwasalimu kwa Kirundi. “Karatasi ile niliandika mimi. Si jeshi, si utawala. Ni ya dispansari. Dada huyu hakumuuza mtu.”

Wifi alinitazama kutoka viatu hadi nywele. “Haka katoto?”

“Ni mimi.”

“Na muhuri?”

“Nilipiga mimi.”

“Dispansari inamwitia nini mwanamume mzima? Mlitaka kumpima mimba?”

Wanawake walicheka sana. Mmoja alisema huenda kweli anayo, maana alivyokimbia alikuwa akishika tumbo. Hata nyumbakumi aliangalia pembeni ili asionekane akitabasamu.

“Sababu siwezi kusema.”

“Basi iko uongo.”

“Mama, siyo uongo. Niletee kalamu. Nitaandika mstari uleule hapa mbele yenu, mzee alinganishe hati.”

Kalamu ililetwa, na karatasi yangu ya wito, niliyokuja nayo mfukoni, ikalazwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikaandika *Unaombwa kufika bila kukosa*. Mkono ulitetemeka. Herufi zikatoka kama za mtoto wa shule, zimelala huku na kule. Nyumbakumi aliinama, akatazama herufi za juu, akatazama za chini, akatikisa kichwa.

“Hizi si za mtu mmoja.”

Nilikuwa nimetumia maisha yangu kuandika vizuri pale ambapo haikuwa na maana. Sasa pale maisha ya mtu yalipotegemea mkono wangu, mkono ulinikana. Nikawaza: nimemuua.

Muuza mawese alikuwa amesimama mlangoni. “Kijana,” alisema, “pumua. Andika tu. Usipendeze.”

Nikapumua. Nikaandika tena, upesi, bila kufikiria mstari. Nyumbakumi aliinama tena. Alikaa hivyo muda, kidole chake kikifuata mkia wa herufi k, ambao huwa naurudisha nyuma kwa namna ya kujidai. Mstari wa wito ulikuwa nao. Huu wa sasa ulikuwa nao.

“Iko yake,” alisema. “Hata ujinga huu wa mkia iko yake.”

Wifi hakukubali kushindwa. “Sawa, iko yake. Aseme sababu.”

“Sisemi.”

“Mzee, mupeleke huyu kwenye kambi ya wanajeshi. Huko atasema.”

Nyumbakumi alisimama kama mtu anayefikiria kufanya hivyo. Nilisikia maneno yakinitoka kabla sijayapanga. “Twende. Huko pia sitasema. Na nitawaambia nani aliibeba karatasi bila kuuliza inatoka wapi.”

Mzee akakaa. Alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba jua limekuwa kali na kila mwanamke anayo sufuria jikoni. Wakatawanyika. Wifi alibaki wa mwisho. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, “Kaka yangu akifa ng'ambo, nitakutafuta.” Nikamwambia ana haki. Kuanzia siku hiyo hakurudia sokoni kwamba wifi yake amemuuza mtu. Alisema tu kwamba dispansari wameajiri mwendawazimu, na sikupinga.

Ilibaki kumrudisha fundi. Safari hii sikuandika. Kulikuwa na mama mmoja Mkongomani aliyevuka ziwa kila wiki na mihogo na vitenge, na wanawake kama yeye ndio waliokuwa posta yetu, maana walibeba habari kichwani na walijua nani yuko wapi ng'ambo. Tulimkuta ufukweni akifunga mizigo. Muuza mawese alimpa ile nyundo ya mti, imefungwa kwenye kitambaa, pamba yake bado imeganda.

“Umpe mkononi,” alimwambia. “Akiiona atajua mimi ndiye nimetuma, maana hakuna mwingine anayejua ilianguka wapi. Umwambie karatasi haikuwa ya jeshi. Ilikuwa ya dispansari. Imeandikwa na kijana mmoja mwenye hati nzuri asiyejua kitu.”

“Arudie,” niliomba. “Tuhakikishe ameshika kila neno.”

Mama wa Kikongomani alinitazama kwa huruma. “Ndiye huyu?”

“Ndiye,” alisema muuza mawese.

“Nimeshika,” alisema. “Hasa pale pa mwisho.”

Fundi alirudi wiki ya tano tangu alipokimbia, katika mtumbwi uleule, ambao huko ng'ambo alikuwa amemaliza kuuziba vizuri kuliko alivyoagizwa. Mkewe alimtuma mtoto wa jirani aniite, tukaenda pamoja hadi kwenye kibanda cha kazi cha mumewe ufukweni. Alichagua hapo mwenyewe. Alisema mumewe husikia vizuri akiwa na kitu mkononi. Tulikubaliana: yeye atasema, mimi nitajibu maswali tu. Nilikaa juu ya ubao na kuweka mikono chini ya mapaja ili isicheze.

Alikuwa akimpasia mumewe pamba, naye anaigonga ndani ya ufa. Akamwambia bila kuzunguka. Kwamba alipimwa kwa ajili ya mimba. Kwamba ana virusi. Kwamba yeye naye apimwe.

Nyundo ilisimama. “Kwa hiyo jeshi halinitafuti?”

“Hakuna aliyekutafuta ila miye.”

Alicheka, kicheko kirefu kisicho na furaha. “Nimekumba maji mtumbwini hadi Kongo. Nimekumba maji ya karatasi ya huyu.” Akanigeukia. “Nani alianza? Miye ama yeye?”

“Kipimo hakisemi nani alianza,” nilisema. “Kinasema tu nani anavyo virusi.”

“Na weye, unavyo?”

Hilo halikuwa katika semina. Ningeweza kusema kazi yangu hainiruhusu kujibu, na ingekuwa kweli nusu. “Sijapimwa,” nilisema. “Naogopa.”

Mkewe aligeuka kunitazama. Nilikuwa nimemwambia yeye aingie chumba cha kupimia kwa ushujaa.

Fundi alianza kugonga tena, pigo juu ya pigo, mahali palepale palipokwisha kujaa. Halafu akasema, macho kwenye ubao, “Kule ng'ambo nimekaa na mwanamke. Wiki tatu.”

Nilihesabu: wiki tano za kukimbia, wiki tatu za huyo mwanamke, na mstari mmoja wangu uliosema *fika peke yako*. Nikitazama uso wa mkewe niliona hasira ikipanda hadi juu, ikakaa hapo, haikushuka. Akachukua pamba nyingine, akaikunja kati ya vidole.

“Naye ataambiwa,” alisema.

“Unataka nimwambie yule kwamba…”

“Nataka ajue. Amelala na mume wangu, sawa, tutagombana kwa hilo, tena sana, tukifika nyumbani. Lakini yule ni muntu. Usimwache huko akijua nusu.” Kisha akaninyooshea kidole. “Na weye usimwandikie.”

Fundi aliuliza kama hawezi kusubiri hadi apimwe. Hilo lilikuwa swali langu, nikalijibu: asubiri jibu lake, kisha avuke na kusema kwa mdomo wake, au amtume mtu anayemwamini, na mwanamke yule akitaka kuja kwetu atapokelewa bila kuulizwa ni nani kwa nani. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Sikuwa nimeipanga.

“Twende basi,” alisema fundi, akaweka nyundo chini. “Miye na weye, leo. Usinipeleke mahali ambapo hujaingia.”

Titilere mwenyewe ndiye aliyetutoboa vidole, mmoja baada ya mwingine, kwenye vile viti viwili nilivyokuwa nimevipanga siku ya Jumanne ile. Majibu yetu ni yetu. Fundi na mkewe waligombana wiki nzima hadi mtaa ukachoka, na waliendelea kukaa pamoja. Siku ya mwisho ya mwezi, mama wa Kikongomani alivuka na mwanamke kijana aliyevaa kitenge cha bluu, akamwonyesha mlango wetu na kwenda zake sokoni. Niliketi naye saa nzima. Jibu lake nalijua, na sitaliandika hapa wala popote, ingawa ndilo linaloweza kuniambia karatasi yangu ilifanya nini hasa.

Tangu wakati huo sijampelekea mtu karatasi. Muhuri uko mezani kwa titilere. Aliyekutwa na virusi namuuliza kwanza mwenyewe anataka kusema vipi, na wapi, na nani awepo, kisha nafanya alivyosema.